Matanga ya Mzee Wekesa na Mvule wa Chemchemi

Kabla mti mkubwa haujaanguka, vijana wangu, kuna chai inapikwa mahali. Wenye pawa so, ile misumeno ya petroli ya kukatia miti, hawafanyi kazi na njaa. Kwa hivyo asubuhi, kabla hujavaa buti na kuanza kupanda mlima kujitesa, pita dukani. Uliza nani amenunua sukari nyingi na mikate. Halafu pita kwa yule anayeuza petroli kando ya barabara, umuulize nani amejaza jerikeni na hana pikipiki. Ukipata majibu mawili yanayokutana kwenye boma moja, nenda hapo. Utakuta mti bado umesimama na wewe hujatokwa hata na jasho.

Hiyo sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na Koplo Barasa, ambaye alilinda miti miaka mingi kuliko umri niliokuwa nao, na ambaye hakuwahi kukimbia hata siku moja. "Wanjiku," alikuwa ananiambia, "ukiona askari wa msitu anakimbia, jua amechelewa."

Mimi nilikimbia sana. Wazazi wangu walitoka pande za Mlima Kenya wakaja kulima Saboti, na huko Saboti ndiko nilikozaliwa, na ndiko nimerudi na kuku wangu na goti linalolalamika mvua ikikaribia. Naona siku hizi mna vidude vinavyoruka na kupiga picha miti kutoka juu. Vizuri. Sisi tulikuwa na masikio. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilisikia mashine inanguruma ng'ambo ya bonde, nikajua leo nimepata mtu. Nilivuka mto, nikapita shamba la mahindi, nikachanwa na miiba, nikafika nyuma ya kibanda nikaruka ndani nikipiga kelele, "Mikono juu!" Akina mama walioshika madebe yao wakainua mikono, unga ukamwagika kila mahali. Ilikuwa mashine ya kusaga mahindi. Walinicheka mpaka wengine wakakaa chini. Barasa alipofika, taratibu, akiwa amekunja mikono nyuma, aliniambia tu, "Pawa so hupumua. Inaguguna, inanyamaza, inaguguna tena. Hii ya kusaga hainyamazi. Sasa omba msamaha kwa hao mama, na uwasaidie kuzoa unga."

Basi hao ndio walimu wangu, Barasa na aibu.

Kisa ninachotaka mkijue kilitokea baada ya Barasa kustaafu, nikiwa nimehamishiwa kijiji kimoja kati ya Kimilili na Misikhu. Jina sitalitaja, wenyewe watajijua. Kulikuwa na chemchemi pale, na juu ya chemchemi mvule mnene ajabu, watu watatu hawaukumbati. Shamba hilo lilikuwa la Mzee Wekesa. Mke wake alikuwa ameaga na hawakujaliwa mtoto, kwa hivyo mzee alihamia Kitale kutengeneza baiskeli sokoni, akawa haonekani kijijini. Shamba akamwachia Simiyu, mtoto wa kaka yake, aliangalie. Chini ya chemchemi Mama Nasimiyu, mjane mmoja mwenye sauti ya kanisa zima, alikuwa na kitalu cha miche. Miche hiyo ndiyo iliyomlisha na kusomesha wajukuu wake. Kijiji cha pili walikuwa wamekata miti yao ya chemchemi, na sasa pale hapana maji, ni tope la nguruwe tu, na akina mama wao walikuwa wanakuja na mitungi kwetu. Kwa hivyo mvule ule ukienda, kila mtu alijua kitakachofuata.

Sheria ya kulinda miti ya kienyeji ilikuwepo, lakini ilikuwa inakaa ofisini Bungoma, na miti ilikuwa kijijini. Ndipo chifu akaitisha baraza ili tuiweke kwa maneno ya watu. Tukakubaliana: mti wa kienyeji haukatwi bila kibali, hata ukiwa kwenye shamba lako mwenyewe, hata uwe uliupanda wewe. Watu wakanung'unika lakini wakakubali. Halafu mzee mmoja akasimama na kofia yake mkononi.

"Afande, swali. Tukifiwa?"

Nyinyi mnaotoka mbali, elezweni. Kwa Wabukusu mtu akifa, boma linajaa. Watu wanakuja kutoka kila upande, wanalala hapo hapo, na moto wa nje hauzimiki mpaka siku zipite. Kuni za moto huo ni mti wa boma lenyewe, unaangushwa kwa ajili ya wageni.

"Ukifiwa utaomba kibali," nikasema.

"Sasa maiti atakaa kungojea ofisi ifunguliwe Jumatatu?"

Baraza likacheka, chifu akacheka, na mimi, ole wangu, nikacheka. Ikaandikwa: isipokuwa wakati wa matanga. Nilipompigia Barasa simu kumweleza, hakucheka. "Umefunga mlango vizuri," akasema, "halafu umeacha dirisha na ngazi."

Bana, watu wakaanza kufa.

Walikufa kijiji kizima. Walikufa binamu wa Uganda ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Walikufa babu ambao, ukihesabu vizuri, walikuwa wamekufa tangu mkoloni. Kuna shangazi mmoja wa Misikhu alifariki mara mbili, na mara ya pili tulikuwa tumesalimiana sokoni asubuhi hiyo, akanipunguzia bei ya vitunguu. Kila nikienda kukagua nakuta moto, chai, na watu wamekaa wamenyamaza kwa heshima. Nilinenepa kwa wali wa matanga mpaka mkanda wa sare ukakataa kufunga. Nikamlilia chifu. Akaniuliza, "Wewe Wanjiku, utasimama mbele ya mfiwa umwambie anadanganya? Na kama ni kweli?" Mimi ni mgeni pale, mtoto wa watu wa mbali. Nikimnyima Mbukusu mmoja kuni za kumlilia mzee wake, na kumbe mzee amekufa kweli, ningefukuzwa na hata mbwa.

Alhamisi moja Simiyu akaingia kwenye ofisi yangu. Huyu Simiyu alikuwa mfanyabiashara wa mbao Kimilili, kijana wa kupendeza, gambuti zake zinang'aa hujawahi kuziona na tope. Alikuwa ameshika leso.

"Mulembe, Afande. Tumepatwa."

"Woi! Pole. Ni nani?"

"Baba mdogo. Mzee Wekesa. Huko Kitale, jana, ghafla tu. Mwili unakuja Jumamosi." Akapangusa jicho lililokuwa kavu kama kiatu. "Nimekuja kukuarifu tu kwamba kesho tutaangusha mti wa matanga, vile sheria inasema."

"Mti upi?"

"Ule wa chemchemi."

Nikamwambia pole tena. Alipoondoka nilipita dukani. Sukari ilikuwa imenunuliwa, ndiyo, na mikate. Sawa, ni matanga. Nikapita kwa mwenye petroli. Jerikeni mbili zilikuwa zimejazwa Jumanne, na mzee, kwa maneno ya Simiyu, alikuwa amekufa Jumatano. Nikampigia Barasa.

"Usiulize habari za maiti," akaniambia. "Uliza habari za moto. Nenda jikoni."

Ijumaa asubuhi nilikuwa pale mapema. Boma limejaa, na watu hawakuwa wanaigiza, hapana, wale walikuwa wanalia kweli. Mama Nasimiyu alikuwa amevimba macho. Wenye pawa so, wanaume wawili niliokuwa siwajui, walikuwa wamekaa kwenye mizizi ya mvule wanakula mkate. Nikapita nyuma hadi wanakopika. Kuni zilikuwepo! Za blugamu, yaani mkaratusi, zimepasuliwa, zimekauka, zimepangwa mpaka kiunoni. Nikamuuliza mpishi kama zinatosha. "Afande, hizi zitazika hata wewe," akasema.

Nikaenda kwenye mti. Wale wanaume walikuwa na uzi mrefu na kibati cha masizi meusi yaliyotolewa kwenye betri kuukuu. Sasa shikeni hili vizuri, maana litawafaa. Uzi wa masizi ni wa kuchora mstari kwenye gogo, ili mbao zitoke zimenyooka. Kuni hazichorwi mstari. Hakuna mtu duniani aliyewahi kulalamika kwamba kuni za matanga zimepinda.

Basi nilijua. Lakini kujua si ushahidi. Uzi unaweza kuwa mfukoni mwa fundi siku yoyote, na wafiwa mia wananiangalia. Dada yangu Njeri huuza viazi soko la Kitale, si mbali na mafundi wa baiskeli. Nikajitenga nyuma ya migomba nikampigia aende aulize kuhusu huyo mzee, lini aliaga na wapi. Baada ya muda simu ikalia.

"Ongea naye mwenyewe," Njeri akasema.

"Na nani?"

"Na marehemu."

Nikasikia sauti ya mwanamume anayetafuna. "Haloo?"

"Mzee Wekesa? Hapa ni Afande Wanjiku, wa miti. Uko hai?"

"Niko. Nakunywa chai."

"Huku umekufa. Mwili wako unafika kesho."

Nikasikia kikombe kinawekwa chini. "Simiyu hakuniambia hiyo sehemu," akasema.

"Alikuambia sehemu gani?"

"Ya mti! Alikuja wiki jana, akasema amepata mteja wa mvule, nikamwambia sawa, uza. Mimi nimezeeka, huko kwenu nani ananikumbuka? Lakini habari ya kufa hatukupatana. Ati nimekufa na nini?"

"Ghafla tu."

"Mjinga huyo! Nakuja."

Simu ikakatika, nami nikabaki nimeegemea mgomba. Mmeona shida? Nilikuwa nimemfufua mtu ambaye ndiye aliyeuza. Matanga yatavunjika, ndiyo, lakini mwenye shamba akiwa hai na amekubali kuuza, ataenda Bungoma kuomba kibali kama watu wengine, na ni nani angemnyima mzee mti wake? Simiyu angekuwa amekosea njia tu, lakini angefika. Na Mama Nasimiyu yuko pale anamlilia.

Cha kwanza ilikuwa mashine isiwashwe kabla mzee hajafika. Nikasimama katikati ya boma nikavua kofia ya sare. "Wapendwa," nikasema, "mti huu ni wa marehemu. Kabla haujaguswa, si tuombe?"

Hakuna boma pale litakalokataa maombi. Nikampa nafasi mchungaji, na mchungaji yule, Mungu ambariki, alikuwa mtu asiyejua kumaliza. Aliombea mti, mizizi, matawi, ndege, Kitale, gari litakaloleta mwili, na matairi ya hilo gari. Halafu akina mama wa kanisa wakaimba. Halafu mshereheshaji akasema, kwa kuwa tumeshakusanyika, wenye neno kuhusu marehemu waseme. Wale wa pawa so wakaangalia jua. Simiyu akaja kuninong'oneza, "Afande, si hizi hotuba ni za siku ya mazishi?"

"Wee, wacha watu watoe uchungu," nikamwambia, na leso yake nikamwonyesha alikoiangusha.

Jirani mmoja akaeleza vile Mzee Wekesa alivyomtengenezea baiskeli mwaka wa njaa asimdai kitu. Mwingine akasema kuwa zamani walanguzi wa mbao walikuja na lori tatu kuutaka mvule, na mzee akawafukuza na fimbo. Hapo nyuma nikaona mtu ameshuka kwenye bodaboda. Amevaa koti kubwa, na ile helmeti ya abiria bado iko kichwani, imemfunika mpaka pua. Nikaona mikono yake, weusi wa grisi umeingia mpaka kwenye kucha. Mama mmoja akamletea kikombe cha chai akamshika mkono.

"Pole sana, ndugu yangu."

"Asante," akasema marehemu. Akanywa.

Nilitaka kumfikia lakini watu walikuwa wamebanana, na Mama Nasimiyu alikuwa amesimama. Alinyamaza kwanza. Mama yule kunyamaza ni jambo la kuogopwa.

"Watu husema Wekesa hakuacha mtoto," akaanza. "Nani alisema? Wajukuu wangu wamekunywa maji yake. Miche yangu imekunywa. Nyinyi hapa nyote, chai mliyoshika ni maji ya nani? Aliondoka akatuachia mti, hakutuuliza kitu, na sisi tukanywa tu. Hakuna aliyepanda gari akaenda Kitale kumwambia asante. Hata mimi. Nilikuwa nasema nitaenda Krismasi. Sasa nimwambie nani?"

Akakaa. Mimi nililia, sisemi uongo, na nilijua mtu yuko hai.

Mshereheshaji akapangusa miwani. "Kuna yeyote kutoka Kitale?"

Mkono wa grisi ukainuka. "Mimi natoka Kitale," ikasema sauti ndani ya helmeti. "Nilimjua marehemu vizuri."

"Karibu, baba, sema."

"Mnamsifu sana. Hakuwa mzuri hivyo." Watu wakaguna. "Wale walanguzi hakuwafukuza na fimbo, walikataa bei yake. Na mti huu mnaosema aliwaachia, marehemu aliuuza wiki jana. Alidhani mmemsahau."

Akavua helmeti.

Ngai wangu! Sijawahi kuona boma likiisha watu haraka hivyo. Viti juu, sufuria chini. Mchungaji alipita dirishani kuingia nyumbani, na mlango ulikuwa wazi. Mmoja wa wenye pawa so alitumbukia kwenye kitalu cha miche mpaka kiunoni, akawa anaomba kwa lugha ambayo hata yeye nadhani hakuijua. Mama Nasimiyu peke yake hakukimbia. Alienda polepole, akamgusa mzee shavu, akampiga kofi jepesi, halafu akamkumbatia akilia na kumtukana pamoja.

"Sasa nimefufuka," mzee akasema watu walipoanza kurudi mmoja mmoja, "na nimeghairi. Mti hauuzwi. Simiyu yuko wapi?"

Simiyu alikuwa nyuma ya sufuria kubwa.

"Njoo hapa, wewe uliyeniua. Umeniua na nini?"

"Ghafla tu, baba mdogo," akasema Simiyu, na watu wakaangua kicheko mpaka yeye mwenyewe akacheka akiwa amejifunika uso.

Ningeweza kumpeleka mbele, kortini. Karatasi nilikuwa nazo. Mzee aliniomba nimwache, akasema huyo ndiye mtu pekee aliye naye, na hawezi kumpoteza mjinga wake. Kamati ya kijiji ikaamua Simiyu atengeneze kitalu kilichoharibika na amwagilie miche ya Mama Nasimiyu kiangazi chote, na zile gambuti tukaziona hatimaye zina tope. Kwenye baraza lililofuata Mzee Wekesa aliweka kidole gumba kwamba mvule usikatwe na yeyote, akiwa hai au akiwa amekufa, aina yoyote ya kufa. Na sheria yetu ya matanga tukaitengeneza: mti wa matanga ni blugamu au grevilia, na marehemu aonekane kwanza. Baada ya hapo kijiji kikapata afya njema ajabu. Hata shangazi wa Misikhu alipona kabisa.

Mzee hakurudi Kitale. Alifungua kibanda cha baiskeli karibu na chemchemi, akawa anakunywa chai ya kila boma, na akibishana na mtu anasema, "Wewe ulilia, nilikuona."

Mwaka jana, mimi nikiwa nimeshastaafu, nilikuwa nje nalisha kuku nikamwona Simiyu anaingia langoni. Amezeeka kidogo. Gambuti chafu.

"Afande," akasema, "safari hii ni kweli."

Sikumwambia anionyeshe maiti. Macho yake yalikuwa yameshaniambia.

Nilienda. Nilipofika kijijini miguu yenyewe ilinipeleka dukani, mazoea tu, nikauliza. Sukari ilikuwa imenunuliwa nyingi. Nikavuka barabara kwa mwenye petroli. Akatikisa kichwa: hakuna aliyekuja na jerikeni. Nikaketi kwenye benchi lake nikalia pale pale, yeye akidhani nimelipwa vibaya pensheni.

Mvule ulikuwa umesimama, na Simiyu alikuwa ameuzungushia ua. Moto ulikuwa wa blugamu. Tulipomaliza kuimba, mshereheshaji akauliza nani ana neno kuhusu marehemu. Watu wakatazamana. Hakuna aliyeinuka, na boma lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Mchungaji akauliza tena, akidhani hatukusikia.

Mama Nasimiyu hakusimama, miguu siku hizi haimtii. Alisema akiwa amekaa, kikombe mkononi.

"Tulishamwambia," akasema. "Na alisikia."

Basi tukamzika mchana huo, tukarudi chini ya chemchemi tukanywa chai.